Kuku na maua katika parsele moja

Mvua ya kwanza ya Septemba ikinyesha hapa Bukavu, mambo mawili yanatokea siku hiyo hiyo. Mama anachukua jembe kwenda kulainisha udongo uliokauka tangu Juni, na kuku wanamfuata nyuma wakifurahi, kwa maana kwao jembe ni mwaliko wa karamu. Mama anapanda dalia zake mbele ya nyumba, anamwagilia, anaingia jikoni kuangalia maharagi. Saa sita anapotoka, miche imelala chini na mizizi inaangalia jua. Jioni baba anarudi, anasimama mlangoni, anasema lile neno ambalo wengi wetu tumelisikia: «Chagua, kuku ao maua.»

Akina mama wengi wanachagua kuku, na ninawaelewa. Kuku wa kienyeji ni feza ya mama mwenyewe. Yai ni la mtoto, jogoo ni la mgeni, na temba moja inaweza kupelekwa sokoni wakati minervali inadaiwa na zamu yetu ya likelemba bado haijafika. Maua hayalipi shule. Lakini tusiseme upesi kwamba bustani ni kitu cha matajiri. Sisi tunaishi juu ya vilima. Huko Kadutu, Panzi, Bagira, nyumba moja iko juu ya paa la ingine, na kinachozuia udongo wa huyu usishuke kwa yule mara nyingi ni mizizi tu. Ukingo uliovaa majani na maua unasimama. Ukingo uliobaki uchi unaondoka na mvua, na erozyoni haiulizi ni parsele ya nani. Kwa hiyo kuku wanaochakura chini ya ukingo hawaharibu mapambo peke yake. Wanafungua mlango wa maji. Hii ndiyo sababu nafikiri swali la baba limeulizwa vibaya. Tunahitaji vyote viwili, na inawezekana.

Tuanze na kuku mwenyewe, maana tunamlaumu bila kumjua. Kuku hachakuri juu ya ubaya. Anatafuta minyoo, wadudu, mbegu na vijiwe vidogo vya kumsaidia kusaga chakula tumboni, kwa kuwa hana meno. Anapenda udongo uliolegea kwa sababu unafunguka kwa urahisi. Udongo mgumu ao uliofunikwa na mizizi anauacha. Angalia vizuri katika parsele yako: mahali anapoharibu ni pale wewe ulipolima jana, karibu kila mara. Shina la hibiskasi la miaka mitatu hana shida nalo, anapita chini yake na kuokota wadudu, na hapo anatusaidia. Vita iko kati ya kuku na mche mchanga, na vita hiyo inachukua majuma machache tu, mpaka mizizi ishike. Mtu akilinda majuma hayo, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Kulinda kunafanywa na mawe. Ukisha kupanda, zungusha mawe kuzunguka shina, makubwa kama ngumi mbili, yakikaribiana ili mguu wa kuku usipate fasi ya kuingia. Acha nafasi ndogo ya maji kupita. Mawe yanatunza unyevunyevu pia, na kwenye mteremko yanapunguza mbio za maji. Kwa kitalu cha mbegu, mawe hayafai, kwa hiyo laza juu yake matawi yenye miba ao fito zilizopishana kama dirisha. Miche ikifika urefu wa kiganja, unaziondoa. Wako wanaotandika neti ya mbu. Sina neno, lakini iwe neti iliyochakaa kabisa. Kutoa neti nzima kitandani mwa watoto ili kulinda lengalenga, hiyo si bustani tena.

Nyasi kavu na maranda ya seremala watu wanazitandika ili udongo usikauke, na kuku anazitupa njiani dakika kumi baadaye. Ukitaka kuzitumia, weka ukingo wa mawe ao wa mbao wenye urefu wa mkono, ama uweke matawi mazito juu yake.

Jambo la pili ni saa. Wengi wetu tunafungua kibanda alfajiri, kabla hata ya kuwasha makala, na kuku wanakaa nje saa kumi na mbili mfululizo bila mtu wa kuwaangalia. Jaribu namna ingine. Kuku wengi wanataga asubuhi. Wakibaki ndani mpaka saa nne ao saa tano, mayai yanabaki ndani pia, wala hautayatafuta chini ya mgomba wa jirani. Na katika yale majuma ya kupanda, wafungulie saa kumi alasiri tu. Hapa kwetu giza linaingia karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, basi watapata saa mbili za kutembea, na jua likishuka watarudi wenyewe bila kufukuzwa. Saa mbili hazitoshi kuharibu bustani, zaidi ikiwa uko uani unachambua sombe na macho yako yanawaona. Lakini kuku anayebaki ndani asubuhi lazima apate maji safi, chakula na nafasi ya kusimama na kutembea. Kumfungia ndani ya sanduku la giza bila kitu ni kumtesa, na yai nalo litapungua.

Kisha kuna siri ambayo watu wanaicheka mpaka waijaribu: mahali unapowatupia chakula ndipo watakapokaa. Mama anayetupa makombo ya bugali mbele ya mlango ametengeneza makao ya kuku mbele ya mlango, kisha anashangaa kinyesi kwenye ngazi wakati wageni wa kanisa wanafika. Peleka vyote nyuma ya nyumba: maganda, vichwa vya sambaza, dreshi za kiwanda cha bia kama unazipata, kila siku mahali pamoja na saa moja. Huko nyuma waachie kona ambayo haulimi, ambako watachakura wapendavyo. Uwarushie huko magugu uliyong'oa na majani mabovu. Kuku ambaye ana kona yake yenye wadudu hana sababu kubwa ya kuzunguka mbele.

Na ndani ya kona hiyo wape fasi ya kuoga. Kuku anaoga vumbi ili kuondoa chawa na utitiri katika manyoya. Usipompa mahali, atachimba shimo lake chini ya waridi lako, kwa sababu hapo udongo ni mkavu na laini. Chukua bidoni kuukuu ulilokata kwa urefu, ao tairi, weka ndani udongo mkavu, mchanga na majivu ya jikoni, kisha uweke kipande cha bati juu ili mvua isiingie. Majivu yawe yamepoa kabisa. Bila paa, kitu hiki kitakuwa tope tangu Septemba mpaka Mei na kuku watarudi kwa waridi.

Sasa mimea yenyewe. Mtu asipande mbele ya kuku kile ambacho kuku anakula kwa hamu, kisha akasirike. Lengalenga, saladi na kabeji changa ni chakula chao kama ni chetu, na hizo zinahitaji uzio wa kweli. Lakini kana zenye majani mapana, mchaichai, aloe, bugenvilia na hibiskasi iliyokomaa zinasimama vizuri. Mchaichai hasa ninaupenda ukingoni: mizizi yake inashika udongo, majani tunaweka katika chai, na kuku hawaupendi. Kwenye mteremko mkali, mstari wa matete ao wa majani ya tripsakumu ukipandwa kukata kilima, wala si kufuata kushuka kwake, unazuia udongo, na sungura na mbuzi wanapata kula. Mbele ya nyumba, majani ya paspalumu yakisha kufunga vizuri yanavumilia kuku wachache. Usiwaruhusu juu yake kabla hayajafunga.

Maua madogo na laini uyainue juu. Mabidoni ya manjano yaliyotoboka yanakatwa nusu, yanatobolewa chini ili maji yatoke, yanatundikwa ukutani, na jerani inapendeza humo kuliko chini. Kuna mama ambaye alipaka yake rangi nyeupe yote, na sasa watu wanapita katika avenyu wakiuliza alinunua wapi.

Neno moja la hatari. Yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, meupe ao ya rangi ya chungwa, ambayo watu wengi wanayapanda kama uzio, yana sumu: jani, ua na mbegu. Loriye-roze nayo ina sumu. Mara nyingi kuku mwenye chakula cha kutosha haigusi mimea hiyo, lakini mtoto wa miaka miwili anaweza kuitia mdomoni. Parsele yenye watoto wadogo ikae bila hiyo, hata kama inapendeza namna gani.

Yote niliyosema hayatafaa kitu ikiwa kuku ni wengi kuliko parsele. Parsele zetu ni ndogo. Kwa maoni yangu, matemba manne ao matano na jogoo mmoja yanatosha uwanja wa kawaida wa mjini. Wakifika kumi na tano, hakuna jiwe wala saa itakayookoa jani lolote, na hapo bora kujenga uzio wao na kuwapelekea chakula humo. Temba mwenye vifaranga anachakura mara mbili kuliko wengine, kwa sababu anafundisha shule. Mweke chini ya kitunga kikubwa majuma mawili ya kwanza, vifaranga wakitoka na kuingia kwenye matundu. Mwewe pia atapita bila kitu. Kuku mgeni uliyemnunua sokoni naye tumjue: ile desturi ya kumfunga kamba mguuni ni nzuri kwa siku chache, mpaka ajue kibanda chake, lakini kamba iwe ya nguo laini, isimkate.

Ugomvi mkubwa hauko na baba, uko na jirani. Kuku hajui mpaka wa parsele. Anapita, anakula miche ya mwenzako, mwenzako anarusha jiwe, kuku anakufa, na kesho familia mbili hazisalimiani tena. Mambo kama hayo yamefika kwa shefu wa avenyu, na huko hakuna anayeshinda. Ukitaka kufuga kuku wa kutembea, nenda kwa jirani kabla hajaja kwako. Mwambie saa unazowafungulia. Mpelekee mayai mara moja moja, na kuku wako akiharibu, peleka miche mingine bila kungoja kuombwa. Uzio wa mianzi ao matete ukifika kifuani unasaidia, lakini usiweke juu yake mti wa kulala: kuku kwa kawaida anaruka kwanza kusimama juu, kisha anashuka upande wa pili. Ncha za mianzi zikiwa na urefu usiolingana, hapati pa kusimama. Yule mkaidi mkate manyoya marefu ya bawa moja tu, kwa mkasi, si mawili. Anapojaribu kuruka anapinda upande na kuanguka. Haimuumizi kama manyoya yamekomaa, lakini unyoya mchanga wenye damu ndani usiukate. Manyoya yatarudi akibadilisha, na utakata tena.

Kuhusu samadi: usiitupe ikiwa mbichi kwenye shina la ua. Ina nguvu kali, inachoma mizizi. Ichanganye na majani na takataka za jikoni, ifunike, iache miezi mitatu ao minne, igeuze mara moja moja, kisha itumie. Dalia zitakushukuru. Watoto wanawe mikono kwa sabuni wakitoka kuokota mayai, na kuku wasikaribie ndoo ya maji ya kunywa. Na kideri, ile ambayo waganga wa mifugo wanaita «pseudo-peste», haina dawa ya kuponya. Kuna chanjo tu. Kuku wanaotembea wanakutana na kuku wa avenyu nzima, kwa hiyo ugonjwa ukianza kwa mmoja unafika kwa wote. Mkipatana wamama kumi wa avenyu moja, mnaweza kumwita mganga wa mifugo mara moja na kuchanja wote siku hiyo, na bei ya kila mmoja inapungua, kwa sababu chupa moja ya chanjo inatosha kuku wengi na ikifunguliwa haiwekwi mpaka juma lijalo.

Kazi ya mawe, ya mabidoni na ya uzio ifanyike Julai na Agosti, wakati udongo ni mkavu, mianzi inabebeka bila kuteleza, na watoto wako likizoni wana mikono isiyo na kazi. Kona ya nyuma iandaliwe majuma mawili kabla ya kupanda, ili kuku wawe wameizoea. Mvua ya Septemba ikifika, kitakachobaki ni kupanda.