Kabla ya jina la daktari wa mifupa, uliza bei ya chuma

Mtu akivunjika mguu Maua au Runyenjes, jamaa huleta majina mawili matatu ya madaktari wa mifupa, na familia hukesha ikipima nani ana mkono mzuri. Majina hayo ni nusu ya habari, tena nusu ndogo. Daktari anayepasua katika hospitali ya umma asubuhi mara nyingi ndiye yuyo huyo anayepokea wagonjwa kwenye kliniki ya kibinafsi jioni. Anayelipia upande wa pili hanunui mkono mwingine. Ananunua foleni fupi, na chuma kilicho tayari.

Kwenye chuma ndiko biashara iliko. Sahani, skrubu na misumari ya ndani ya mfupa mara nyingi haikai stoo; huletwa na msambazaji upasuaji unapopangwa. Muulize msambazaji yeyote naye atakueleza kilio kilekile: hospitali huchukua mali kwa mkopo, bima ya taifa huchelewa kulipa, naye hubaki na deni ambalo benki yake haitaki kusikia habari zake. Ndiyo maana wengine hawatoi hata skrubu moja kabla ya kuona pesa, na pesa hizo humtoka mgonjwa: mchango wa WhatsApp, ng'ombe, bonasi ya majani chai iliyokopewa kabla haijafika. Kilio ni cha haki, ingawa wanaolia hawataji kwamba bei ya chuma kilekile hubadilika kulingana na anayeuliza, wala kwamba risiti ni adimu. Maafisa nao hujibu kwa tarakimu. Bima mpya iliyoanza Oktoba 2024 hutoza asilimia 2.75 ya mapato, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na waliosajiliwa, wanasema, wamepita milioni 20. Sawa, lakini kusajiliwa si kuchangia. Mchumaji miraa na mwendesha bodaboda hawana mshahara wa kukatwa. Mpango uliwataka walipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, nao ndio hasa wanaovunjika.

Wapo watakaosema kwamba aliyevunjika hana nafasi ya kuchagua. Kwa mfupa uliotoboa ngozi, ni kweli: kuosha kidonda na dawa za kuua viini havingoji, na hospitali iliyo karibu ndiyo ya kwenda. Lakini wengi ambao ngozi yao haikupasuka hulala wodini siku kadhaa, pengine wiki, mguu ukivutwa kwa uzito, wakingoja pesa ya chuma. Muda huo unatosha kuuliza. Anayeitwa daktari ni bingwa wa upasuaji wa mifupa, au ni afisa wa kliniki? Huyu wa pili hubeba kazi kubwa ya plasta na kliniki, na wengi huifanya vizuri, ila yumo kwenye sajili ya baraza jingine. Ya madaktari iko wazi mtandaoni. Nani hasa atakayekata, na upasuaji kama huu huufanya mara ngapi? Nani atakagua kidonda, nani atakufundisha kutembea tena? Daktari anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kuyajibu.

Jibu la wenye uwezo ni Nairobi. Kwa nyonga ya bandia, uti wa mgongo au uvimbe wa mfupa, safari ina mantiki, maana kazi hizo huhitaji timu iliyozizoea. Kwa muundi uliovunjika katikati, siioni. Ipo misumari iliyobuniwa iwekwe hata pasipo eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, na kutoka mjini Meru ni zaidi ya kilomita 200 kwenda, na nyingine kurudi, kila tarehe ya kliniki, mguu umenyooshwa ndani ya matatu.

Wasambazaji hudai kwamba bima ikilipa kwa wakati, bei itashuka. Huenda. Afya iligatuliwa mwaka 2013, na kaunti zinaweza kununua chuma kwa wingi na kukiweka stoo. Zikikosa kufanya hivyo, malipo ya haraka yatamnufaisha msambazaji kabla ya mgonjwa. Kwa sasa mgonjwa anaweza kudai bei ya chuma kwa maandishi kabla hajatia saini fomu ya upasuaji.