Timu ya Wanafunzi na Majirani Zake
Sehemu ya Pili: Mji Ukigeuka

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulizungumza habari za wachezaji. Leo, kama tulivyoahidi, tutazungumza habari za wasiocheza, ambao aghalabu husahauliwa ingawa pasipo wao uwanja si uwanja bali ni malisho ya mbuzi. Msomaji wa Kasese au wa Bwera, huku kwetu Uganda, hana haja ya kuelezwa mtazamaji ni nani, maana amemwona tangu utotoni amesimama kando ya mstari, mtoto mgongoni au baiskeli mkononi, akimlaumu mwamuzi kwa Kikonzo na kumsamehe kwa Kiswahili. Linalohitaji kuelezwa ni jambo jingine: kwa nini timu ya shule au ya chuo, yenye wapenzi tele, hujikuta mwaka mmoja inacheza mbele ya walimu wawili na mbwa.

Timu ya namna hiyo ina watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wana wake, yaani waliopita lango lake na kusoma humo. Hao huipenda kwa mahaba yasiyokwisha, walakini kazi ya chuo ni kuwatoa wanawe, na kila mwaka huwatoa. Kijana wa Bwera akifaulu huenda Fort Portal, au Mbarara, au Kampala, na tangu hapo mapenzi yake huwa ya ghaibu, ya kuuliza matokeo kwa simu. Wa pili ni majirani: muuza chai, fundi baiskeli, mama wa nyanya, kijana wa bodaboda, ambao hawakusoma humo, na pengine hata watoto wao hawakujaliwa karo ya kusoma humo, lakini wao wapo. Mwenye kupenda akiwa mbali hajazi uwanja. Hujazwa na aliyefika kwa miguu yake. Kwa hiyo, mji unapogeuka, timu haipungukiwi kwanza na wanawe, kwa kuwa hao walikwisha ondoka. Hupungukiwa na jirani.

Nchi iliyolikuza jambo hili hata likapita kiasi ni Marekani. Mpira wao si huu wetu wa miguu. Ni ule wa kushikwa mikononi, wenye umbo la yai, ambao sheria zake sitazieleza, kwa kuwa zahitaji gazeti zima na subira ya Nabii Ayubu. Itoshe kusema kwamba uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, katika mji wa Ann Arbor, una nafasi za watu 107,601, ilhali sensa ya mwaka 2014 ilihesabu katika mji wetu wa Kasese watu 101,000 na ushei. Yaani mwaka ule tungeingia sote, na wagonjwa wetu na wachanga wetu, na viti vingesalia. Ann Arbor ni mji ambao chuo ndicho kilicho roho yake, na jirani hana pengine pa kwenda siku ya Jumamosi. Katika miji mikubwa mambo huwa kinyume.

Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa zamani miongoni mwa mabingwa, kikifunzwa na Amos Alonzo Stagg tangu mwaka 1892 hata 1932, na mchezaji wake Jay Berwanger ndiye wa kwanza kutunukiwa, mwaka 1935, ile tuzo kubwa iitwayo Heisman. Miaka minne tu baadaye, baada ya msimu ambao Michigan iliwachapa 85 kwa 0, mkuu wa chuo, Robert Maynard Hutchins, akaifuta timu yote. Husemwa kwamba alifanya hivyo kwa kuitukuza elimu, nami siikanushi nia yake. Lakini mji ule ulikuwa umekwisha pata timu ya kulipwa, Bears, na mtu wa mjini asiye na cheti cha chuo hakuwa na sababu ya kulilia marehemu asiye wake. Majukwaa yakabaki matupu, na chini yake, tarehe 2 Desemba 1942, wataalamu wa Enrico Fermi wakaiwasha tanuri ya kwanza ya nyuklia duniani. Sijui kama pana uwanja mwingine uliopata kutumika kwa jambo zito kuliko hilo kwa sababu tu ulikuwa hauna watu.

Walakini mfano unaotufaa zaidi ni wa Miami, na hapo naomba msomaji akae nami kidogo. Timu ya chuo kikuu cha mji huo ilicheza tangu mwaka 1937 katika uwanja wa Orange Bowl, ambao haukuwa chuoni bali katikati ya mtaa. Na mtaa wenyewe, baada ya mapinduzi ya Cuba ya mwaka 1959, ukajaa wakimbizi wa Kikuba hata ukaitwa Little Havana. Wageni wale hawakuujua mpira wa umbo la yai, wala wengi wao hawakukisoma chuo kile. Lakini waliegesha magari ya watu katika nyua zao kwa malipo, wakauza chakula mlangoni, watoto wao wakazisikia kelele tangu utotoni, na baada ya miaka wakawa wenyewe. Kati ya 1983 na 2001 timu ile ilitwaa ubingwa wa nchi mara tano. Kisha uwanja ukachakaa, ikaonekana gharama ya kuutengeneza ni kubwa, na mwaka 2008 ukabomolewa, timu ikahamia uwanja wa kisasa huko Miami Gardens, mbali na chuo kadiri ya safari ya kutoka Bwera hata njia panda ya Kikorongo. Uwanja mpya ni mzuri kuliko ule wa zamani kwa kila kitu kinachoweza kupimwa. Viti vitupu vimekuwa malalamiko ya mara kwa mara tangu hapo.

Turudi nyumbani. Kasese ulikuwa mji wa reli na shaba: reli ilifika kutoka Kampala mwaka 1956 kwa ajili ya mgodi wa Kilembe, na mgodi ukakusanya watu wa makabila mengi, wakakaa katika nyumba za kampuni, wakilipwa siku moja na kupumzika siku moja. Watu wa hali hiyo ni majirani kamili kwa timu yoyote, kwa maana saa zao zinajulikana. Kampuni ya Kikanada iliyouendesha mgodi ikaondoka mwaka 1975, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji wenyewe ukasita. Treni nazo zikanyamaza kabla karne haijaisha. Na mto Nyamwamba, ulipofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukachukua nyumba na madaraja na kuivamia hospitali ya Kilembe. Ajabu ni kwamba mji haukupungua watu. Sensa ya 2002 iliukuta na watu 53,000 na zaidi, na ile ya 2014 karibu mara mbili. Watu wapo, ila si wale; na hawa wapya wanafanya kazi isiyo na saa, ya kibanda cha biashara na pikipiki, ambayo siku ya mechi ndiyo siku ya kipato.

Bwera una historia yake, na ni nzito zaidi. Mpaka wa Mpondwe haukuwagawa watu kwa lugha, kwa kuwa Wakonzo wa huku na Wanande wa Kongo husikilizana, na mtu wa Kasindi akivuka kutazama mpira hakuwa mgeni. Lakini mpaka huo umefungwa na kutetemeka mara nyingi: mashambulizi ya waasi wa ADF ya Novemba 1996 yaliyowakimbiza watu makwao, Ebola iliyovuka Juni 2019, kisha korona, iliyozifunga shule za Uganda tangu Machi 2020 hata Januari 2022, muda ambao timu ya shule hupoteza kizazi kizima cha wachezaji na cha watazamaji. Na usiku wa 16 Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha ilishambuliwa, wakauawa watu zaidi ya arobaini, wengi wao wanafunzi. Baada ya hayo, hakuna wa kumlaumu mwalimu mkuu anayejenga ukuta.

Hata hivyo ukuta una bei yake. Shule moja ya upande huu, ambayo sitaitaja, niliiendea siku ya mechi nikakuta lango limefungwa na askari akiuliza kila mtu ana mtoto gani ndani. Kinamama wa karanga wamekaa nje, vijana wamepanda juu ya mwembe, na ndani wanafunzi wakipiga makofi peke yao. Niliuliza kama haingewezekana kuwapekua watu na kuwaingiza. Nikaambiwa ni kazi nyingi. Nadhani ndivyo, ila ni kazi ambayo makanisa na misikiti mingi ya Kampala huifanya siku za sikukuu.

Mshindani mwingine ni kibanda cha kutazamia mpira kwenye televisheni, nacho watu hukilaani pasipo kukitazama saa. Mechi za Uingereza za Jumamosi alasiri huanza huku saa kumi na moja jioni, au saa kumi na mbili wakati wa baridi yao, ilhali mechi ya shule iliyopangwa saa kumi huanza, kwa desturi yetu, saa kumi na nusu. Basi tunamtaka kijana achague kati ya Arsenal na kidato cha nne katika saa ileile, kisha twashangaa anapochagua Arsenal. Mechi ya shule ikichezwa Jumatano, mshindani hayupo, wala haihitaji hotuba juu ya uzalendo. Ila Bwera sharti iangaliwe siku ya gulio, kwa kuwa hapo hata mwamuzi huenda sokoni.

Juma lijalo, inshallah, tutaeleza jinsi Simba na Yanga, zilizozaliwa katika mitaa michache ya Dar es Salaam miaka ya 1930, zilivyotumia matawi kumpata jirani asiyekaa jirani, na kama shule za hapa zaweza kuiga. Kwa sasa nina ombi moja: msomaji mwenye picha za timu za Kilembe za zama za mgodi, zenye watazamaji nyuma ya wachezaji, asizitupe, azilete kwa mhariri, nasi tutazirudisha.