KOLTANI: JIWE LENYE JINA LA KIU



Huko Masisi na Walikale wengi wenu mumeshika jiwe jeusi, zito, liitwalo koltani. Watu wameuana juu yake. Lakini tukiuliza ndani mwake mna nini, wachache wanajibu. Tuelezane leo, maana asiyejua mali yake hudanganywa upesi.

Ndani ya koltani mna metali mbili zinazofanana kama mapacha: niobi na tantali. Niobi iligunduliwa na Mwingereza Charles Hatchett mwaka 1801. Mwaka 1802 Anders Gustaf Ekeberg wa Uswidi akagundua tantali. Wataalamu wengi walidhani ni kitu kimoja, mpaka Mjerumani Heinrich Rose alipoonyesha mwaka 1844 kwamba ni metali mbili.

Ekeberg alitia unga uliotoka katika mawe yake ndani ya asidi kali, lakini haukuyeyuka. Ndipo akaipa metali jina la Tantalos, mfalme wa hadithi za Wagiriki, aliyeadhibiwa kusimama ndani ya maji bila kuweza kuyanywa.

Tantali ina uzito kupita maji zaidi ya mara 16. Haishiki kutu, na huyeyuka kwa moto wa digrii 3.000 hivi. Waganga huitumia kuunga mifupa. Tena kipande chake kidogo sana huweka akiba ya umeme ndani ya telefoni na ordinateri. Ndiyo sababu inatafutwa.

Mwaka 2000 bei yake ilipanda kwa ghafula. Mwaka 2001 ikaanguka. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 ilieleza namna biashara hiyo ilivyolisha vita kwetu. Wenye bunduki walipata. Mchimbaji alibaki kama Tantalos: amesimama majini, na kiu iko palepale.

Ndugu zangu, jiwe halina kabila. Sheria ya madini ya mwaka 2002 inampa Mukongomani mwenye umri wa kutosha haki ya kuomba kadi ya mchimbaji, bila kuuliza lugha ya mama yake. Basi jirani akigombea shimo nawe, usikimbilie panga. Muketi pamoja, muulizane: nani anapima kilo, nani anapanga bei, na karatasi iko wapi? Mara nyingi mutaona adui si jirani.

Amani iwe kwenu.