Wakefield Trinity: Walishuka daraja, wakajenga upya kuanzia chini

Ilikuwa Septemba 2023, katika uwanja wa Leigh, kaskazini mwa Uingereza. Dakika 80 zilikuwa zimekwisha na timu mbili ziko sare, 19-19. Katika Super League, ligi kuu ya raga ya wachezaji 13 nchini humo, sare huamuliwa kwa muda wa nyongeza, na atakayetangulia kupata pointi ndiye mshindi. Mchezaji wa Leigh Leopards akaupiga mpira kwa mguu, ukapaa na kupita katikati ya milingoti. Ilikuwa pointi moja tu, lakini ilitosha: Leigh 20, Wakefield Trinity 19.

Kwa Leigh huo ulikuwa ushindi wa kawaida. Kwa Wakefield ulikuwa mwisho wa misimu 25 mfululizo katika ligi kuu.

Mwaka mmoja baadaye klabu hiyo hiyo ilikuwa imetwaa kombe Wembley, imeshinda fainali ya daraja la pili bila kuruhusu pointi hata moja, na imepata tiketi ya kurudi Super League. Lakini vikombe peke yake havikuwarudisha. Wakefield waliporejea, mlango wa kuingilia ulikuwa umebadilishwa. Waliitwa kwa sababu ya mambo ambayo mengi hayaonekani kwenye ubao wa matokeo.

Raga ya wachimba makaa

Wapenzi wengi wa michezo katika Afrika Mashariki wanaijua raga kupitia timu za Kenya na Uganda, yaani raga ya wachezaji 15 au ile ya wachezaji saba. Raga ya Wakefield ni ndugu wa hiyo, ila walitengana zamani. Agosti 1895, vilabu zaidi ya 20 vya kaskazini mwa Uingereza, Wakefield Trinity kikiwemo, vilijitoa katika chama cha raga cha nchi. Ugomvi ulikuwa wa fedha. Wachezaji wa kaskazini wengi walikuwa wachimba makaa ya mawe na vibarua wa viwandani, na vilabu vyao vilitaka kuwafidia mshahara wa siku walizokosa kazini kwa sababu ya mechi. Wakuu wa chama walikataa.

Baada ya kutengana, kanuni nazo zikabadilika. Kila upande una wachezaji 13. Timu inayoshambulia hupewa nafasi sita za kukabwa na kuangushwa; zikiisha bila kufunga, mpira unakwenda kwa wapinzani. Trai ni pointi nne, mkwaju unaofuata trai ni pointi mbili, na mpira wa kudondoshwa na kupigwa katikati ya milingoti wakati mchezo unaendelea ni pointi moja. Ni pointi ya namna hiyo iliyowashusha Wakefield.

Mji wa Wakefield uko Yorkshire Magharibi, na kwa miaka mingi uliishi kwa makaa ya mawe. Klabu ilianzishwa 1873. Enzi zake kubwa zilikuwa miaka ya 1960, ilipotwaa Kombe la Challenge 1960, 1962 na 1963, kisha ubingwa wa nchi mara mbili mfululizo, 1967 na 1968. Tangu hapo mji umezoea zaidi kusubiri kuliko kusherehekea.

Ufa wa miaka mingi

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Wakefield haukuanza 2023.

Klabu iliingia Super League baada ya kupanda daraja 1998, na tangu hapo ilinusurika mara nyingi dakika za mwisho. Mwaka 2006 ilibaki kwa kuwafunga majirani zao Castleford siku ya mwisho ya msimu. Mwaka 2015 ilicheza mechi moja ya kufa na kupona dhidi ya Bradford Bulls katika uwanja wake wa Belle Vue, ikashinda 24-16. Kila mara mashabiki walishangilia kama waliotwaa ubingwa, halafu msimu mpya ukaanza na matatizo yale yale: uwanja uliochakaa, mapato madogo, na wachezaji bora wakichukuliwa na vilabu vyenye fedha.

Waliofungwa siku ile ya 2015 wanaonyesha jinsi kushuka kunavyoweza kuiumiza klabu. Bradford walikuwa wakubwa wa mchezo huu, waliowahi kuwa mabingwa wa dunia wa vilabu mara tatu kati ya 2002 na 2006. Waliposhindwa kurudi Super League mapato yalipungua, na Januari 2017 kampuni iliyoendesha klabu ikafilisika na kufungwa. Ilibidi klabu ianzishwe upya, tena ikianza ligi ikiwa imekatwa pointi 12. Bradford ilikaa nje ya ligi kuu misimu 11 kabla ya kurejeshwa kwa msimu wa 2026.

Mwaka 2023 bahati ya Wakefield iliisha. Walipoteza mechi zao za mwanzo za ligi moja baada ya nyingine, baadhi bila kupata pointi hata moja, na ushindi wa kwanza ulichelewa hadi Juni. Msimu ulipofungwa walikuwa wameshinda mechi nne tu kati ya 27. Wapo waliojiuliza kama Trinity nao wanaelekea njia ya Bradford.

Mmiliki mpya, kocha mpya

Aliyejitokeza kuichukua klabu alikuwa Matt Ellis, mfanyabiashara wa eneo hilo aliyejenga utajiri wake kwa kuuza makabati ya jikoni. Kwa kawaida mwekezaji hupenda klabu inayopanda. Ellis alichukua klabu iliyokuwa inateremka, na jina la kampuni yake, DIY Kitchens, likawekwa kwenye uwanja wa Belle Vue.

Kocha aliyeletwa alikuwa Daryl Powell, na uteuzi wake ulikuwa na kisa chake. Powell alijijengea jina Castleford, mahasimu wa jirani kabisa wa Wakefield, alikowaongoza kumaliza kileleni mwa msimamo wa Super League 2017. Baadaye akahamia Warrington Wolves. Kazi yake huko ilikoma Julai 2023, mara tu baada ya Warrington kupokea kipigo kizito kutoka kwa timu iliyokuwa mkiani. Timu hiyo ilikuwa Wakefield. Kwa hiyo mtu aliyepoteza kibarua baada ya kufungwa na Trinity ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuwainua.

Kikosi hakikubomolewa chote. Mkongwe Matty Ashurst, aliyekuwa klabuni tangu 2015, alibaki. Walibaki pia Max Jowitt, mlinzi wa nyuma kabisa na mpigaji mikwaju, na Mason Lino, mmoja wa waongoza mashambulizi. Walioongezwa walichanganya uzoefu na njaa ya mafanikio: Luke Gale, aliyewahi kuwa mchezaji bora wa Super League chini ya Powell huko Castleford, na Lachlan Walmsley, winga aliyekuwa akifunga trai nyingi Halifax katika daraja hilo hilo la pili.

Mtihani wenye alama 20

Wakati Wakefield wanashuka, viongozi wa mchezo walikuwa wamekubaliana na kampuni ya IMG kubadilisha namna ya kuchagua timu za Super League kuanzia msimu wa 2025. Kupanda na kushuka kwa matokeo ya uwanjani peke yake kuliondolewa. Kila klabu sasa inapimwa kwa alama 20. Robo ya alama ni matokeo ya uwanjani. Robo nyingine ni mashabiki: wangapi wanaokuja, wangapi wanaotazama, wangapi wanaoifuata klabu mitandaoni. Zinazobaki ni hali ya fedha, ubora wa uwanja, na kazi ya klabu katika jamii inayoizunguka. Anayefikisha alama 15 anapata daraja A na nafasi yake ni ya uhakika. Aliye chini ya hapo anashindania nafasi zilizobaki.

Kwa mashabiki wa soka wa kanda yetu, wazo hili si geni kabisa. Shirikisho la soka barani Afrika, CAF, nalo hudai leseni za vilabu na hukagua viwanja, na mwaka 2024 timu ya taifa ya Kenya ililazimika kucheza mechi zake za nyumbani Malawi na Uganda. Tofauti ni kwamba Uingereza alama hizo zinaamua hata nani acheze ligi ipi.

Maana yake kwa Wakefield ilikuwa wazi. Wangeweza kushinda kila mechi ya 2024 na bado wakaachwa nje. Walihitaji kujaza viti, kuweka hesabu sawa na kumaliza uwanja. Jukwaa jipya la upande wa mashariki, ambalo ujenzi wake ulitangulia kuja kwa Ellis, lilikamilika, na mashabiki wakapata mahali pa kukaa panapolingana na ligi waliyotaka kurudi.

Msimu wa mavuno

Uwanjani, timu ya Powell haikusubiri. Iliongoza daraja la pili na kufungwa kwake kukawa habari ya nadra. Juni 8, 2024 ilifika Wembley kwa mara ya kwanza tangu 1979, kucheza fainali ya Kombe la 1895, shindano la vilabu vya chini ya Super League lililopewa jina la mwaka ule wa kujitenga. Sheffield Eagles walichapwa 50-6.

Kwa wazee wa Wakefield, Wembley ni jina lenye kidonda. Mwaka 1968, kwenye uwanja uliolowa maji ya mvua, Don Fox alikuwa na mkwaju rahisi mbele ya milingoti katika dakika ya mwisho ya fainali ya Kombe la Challenge. Akakosa, na Leeds wakachukua kombe kwa 11-10. Mdogo wake, Neil Fox, ndiye mfungaji wa pointi nyingi zaidi katika historia ya mchezo huu, akiwa na pointi 6,220. Rekodi ya Neil ya pointi nyingi kwa msimu mmoja ndani ya klabu ilikuwa imedumu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 2024 Max Jowitt, mmoja wa wale waliobaki baada ya kushuka, akaivunja.

Oktoba 19 Toulouse Olympique kutoka Ufaransa walikuja Belle Vue kwa fainali ya daraja la pili. Wakatoka 36-0.

Siku chache baadaye yakatangazwa matokeo ya mtihani wenyewe. Wakefield walipata zaidi kidogo ya alama 15: daraja A, kwa tofauti ndogo sana. Alama chache za mashabiki au za uwanja zingepungua, wasingeifikia daraja hiyo hata wakiwa na makombe yote mkononi.

Aliyeachwa mlangoni

Nafasi waliyoingia Wakefield ilikuwa imeshikwa na mtu. London Broncos walipanda daraja 2023 kwa njia ya zamani, waliposhinda fainali ugenini dhidi ya Toulouse, 18-14. Muda mfupi baadaye, mizani ya majaribio ya IMG iliwaweka nafasi ya 24. Walicheza msimu mzima wa 2024 wakijua kwamba ni vigumu mno kubaki, hata wangecheza vipi. Hull FC, ambao kama London walishinda mechi tatu tu za ligi msimu huo, walibaki kwa nguvu ya alama zao.

Watetezi wa mfumo wanasema umelazimisha vilabu kujenga badala ya kutumia fedha zote kwa wachezaji wa msimu mmoja, na Wakefield ni mfano wao mzuri. Wapinzani wanauliza: timu ndogo itaota ndoto gani ikiwa ushindi hautoshi? Kisa cha London kinawapa hoja. Mfumo ule ule ulioipa Wakefield sababu ya kujenga uliinyima London sababu ya kucheza.

Kurudi Leigh

Kilichokuwa kimejengwa kilionekana mapema. Februari 2025 Wakefield walifungua msimu ugenini kwa Leeds Rhinos na kushinda 14-12. Kikosi kilikuwa kimeongezewa nguvu, akiwemo Tom Johnstone, winga aliyekulia klabuni hapo, aliyerejea nyumbani kutoka Catalans ya Ufaransa. Timu iliyokuwa ya mwisho 2023 ilimaliza ya sita na kuingia katika mchujo wa kuwania ubingwa.

Ratiba ya mchujo ikawapeleka Leigh, kwenye uwanja ule ule walikoshukia miaka miwili nyuma. Wakafungwa tena, na msimu wao ukaishia hapo. Safari hii, hata hivyo, walitoka uwanjani wakiwa timu ya Super League, na nafasi yao ya mwaka uliofuata haikutegemea mpira mmoja wa mguu kupita katikati ya milingoti.