MWANI KAMA MBOLEA: MANUFAA NA MIPAKA YAKE KATIKA MASHAMBA YA MASASI NA NEWALA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kwamba mwani, ambao Visiwani umelimwa kwa ajili ya biashara tangu mwaka 1989, una manufaa mengine mbali na kuuzwa viwandani. Mwani unaweza kurutubisha ardhi na kusaidia miche na vipandikizi kushika mizizi. Kwa vile wapo wakazi wa Visiwani wenye ndugu na mashamba ya ukoo katika Wilaya za Masasi na Newala, Mkoani Mtwara, ni vyema ifahamike mwani utafaa nini huko, na hautafaa nini.

Matumizi haya si mageni duniani. Katika visiwa vya Aran, Ayalandi, wakulima walitengeneza udongo wa kupandia viazi kwa kutandaza mchanga na mwani juu ya mwamba mtupu. Huko Jersey, mwani ulitegemewa shambani kwa karne nyingi. Nchini India, taasisi ya utafiti iliyoko Bhavnagar ilibuni njia ya kukamua mwani mbichi wa aina ya Kappaphycus, ambao hulimwa pia Tanzania kwa jina la kotoni, na kuitumia maji yake kama mbolea ya kunyunyizia.

Mwani una potasiamu nyingi, madini madogo madogo, na homoni za mimea zinazochochea mizizi na machipukizi. Una naitrojeni kidogo, na fosforasi yake ni kidogo zaidi. Kwa sababu hiyo haufai kutumiwa peke yake mahali pa samadi au mboji, bali huchanganywa navyo.

Katika Uwanda wa Juu wa Makonde, ambako ndiko ulikojengwa mji wa Newala, udongo kwa sehemu kubwa ni wa kichanga na wenye kina kirefu. Mvua za masika huzamisha rutuba chini upesi, mbali na mizizi. Muhogo, ambao ni chakula muhimu cha wenyeji, huchukua potasiamu nyingi ardhini kila mazao yanapovunwa na kuondolewa shambani. Hapo ndipo mwani unapoweza kusaidia. Masasi iko magharibi, chini ya uwanda huo, miongoni mwa majabali, na udongo wake hutofautiana kutoka mahali hadi mahali. Hivyo mkulima wa huko asichukue kipimo cha Newala bila ya kujaribu kwanza.

Aidha, ipo kasoro ambayo mwani hauwezi kuiondoa. Kwa miaka mingi mikorosho ya Masasi na Newala imepuliziwa salfa ya unga ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Salfa inayoanguka chini hugeuzwa na vijidudu vya udongo kuwa asidi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionya juu ya hatari hiyo kwa ardhi ya mikorosho ya kusini-mashariki mwa Tanzania. Mwani unaolimwa haufanyi kazi ya chokaa, wala hautibu ubwiriunga. Mkulima atakayeacha chokaa au dawa kwa kutumainia mwani atapata hasara.

Kuhusu usafirishaji, ikumbukwe kwamba katika kila kilo 100 za mwani mbichi, takriban kilo 85 hadi 90 ni maji. Kuubeba mbichi kutoka pwani hadi Newala, safari ya zaidi ya kilomita 100, ni kulipia nauli ya maji. Mwani huoshwa na kukaushwa pwani kabla ya kupakiwa, hasa kwa kuwa maji ya kuoshea ni adimu juu ya uwanda. Uoshwe haraka kwa maji baridi ili kuondoa chumvi ya nje, na usirowekwe wala kunyeshewa, kwani potasiamu nayo huyeyuka ikatoka. Kadhalika, mwani hulimwa katika pwani ya Mtwara yenyewe, hivyo hapana haja ya kuuvusha kutoka Unguja au Pemba.

Matayarisho ya maji ya mwani ni rahisi. Mwani mkavu hukatwakatwa, hujazwa hadi robo ya ndoo, huongezwa maji, na hufunikwa kwa wiki mbili hadi nne huku ukikorogwa mara kwa mara. Kisha huchujwa, na sehemu moja ya maji hayo huchanganywa na sehemu kumi za maji safi. Pingili za muhogo zinaweza kurowekwa humo kwa muda usiozidi saa moja kabla ya kupandwa. Miche ya mikorosho iliyomo katika viriba inyweshwe kwa uangalifu, kwani chumvi hujikusanya ndani ya kiriba na kuunguza mizizi. Wingi wa dawa hii si ubora wake: ikizidi, huzuia mizizi badala ya kuiotesha.

Inashauriwa vilevile kwamba utumike mwani uliokatika wakati wa mavuno, au ule ambao mnunuzi ameukataa. Majani ya baharini yaliyo hai yasing'olewe, kwani humo ndimo samaki wadogo wanamokulia.

Hivyo basi, njia ya busara ni kupanda mistari miwili ya muhogo katika shamba moja na siku moja, mmoja kwa pingili zilizorowekwa na mmoja kwa zisizorowekwa, na kupima mavuno ya kila mstari. Mizani ndiyo itakayoonyesha iwapo gharama ya kuupandisha mwani hadi Newala inarudi. Mabwana shamba na mabibi shamba wanaombwa kuwasaidia wakulima kuweka kumbukumbu za majaribio hayo.