Kahawa Baridi ya Povu kwa Kinu na Chekeche

Apitaye wakati wa mavuno katika barabara itokayo Jinja kwenda Kamuli huziona, karibu na mji mdogo wa Buwenge, buni zilizoanikwa uani juu ya maturubai. Ni buni za robusta. Zikikauka pamoja na maganda yake huitwa kiboko, na aghalabu mkulima huziuza vivyo hivyo, kwa kilo, bila kuzikoboa. Jioni ikifika, katika nyumba ile ile iliyoanika magunia, kinachotiwa birikani ni majani ya chai. Sehemu kubwa mno ya kahawa ya Uganda hunywewa ng'ambo.

Huko ng'ambo buni hizo zimepata umbo jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wauza kahawa wa Marekani walianza kuloweka kahawa katika maji baridi usiku kucha, kisha kuitia gesi ya naitrojeni kwa shinikizo, na mwaka 2016 kampuni ya Starbucks ikaanza kuiuza katika baadhi ya maduka yake. Mbinu ya gesi haikuwa ngeni, kwani watengenezaji wa bia ya Guinness walikwisha kuitumia tangu 1959. Kinywaji hicho huteremka katika bilauri kama maziwa, kikaacha juu povu laini, na bei yake si ya mchezo. Hata hivyo, msomaji, karibu kila kinachohitajika kimo tayari katika jiko la Buwenge.

Tuanze na buni. Robusta ina ukali, na kafeini yake ni takriban mara mbili ya arabika. Kwa hiyo yafaa ichanganywe: sehemu moja ya robusta ya Busoga kwa sehemu mbili za arabika ya miteremko ya Mlima Elgon, ambayo hupatikana upande wa Mbale. Asiyeipata arabika asisite, kwa kuwa maji baridi hayatoi uchungu mwingi kama maji ya moto. Koboa buni, pepeta, kisha kaanga kwa moto wa wastani huku ukikoroga bila kuacha, mpaka zipasuke kwa mlio na kugeuka rangi ya hudhurungi. Zisiwe nyeusi kama mkaa. Ziache zipumue siku moja.

Hapa kinu cha nyumbani kinafaa sana. Kahawa ya kuloweka hutaka chenga, wala haitaki unga, nacho kinu hutoa chenga bila taabu. Twanga kidogo kidogo, chekecha, na ule unga uliopita katika chekeche uweke kando kwa kahawa ya moto. Ukiuacha humo, kinywaji kitakuwa na tope na uchungu.

Chukua robo kilo ya chenga kwa lita mbili za maji. Maji hayo lazima yachemshwe kwanza, kisha yaachwe yapoe yakiwa yamefunikwa. Nalisisitiza jambo hili kuliko yote, kwa sababu katika chai moto huua vijidudu bila sisi kukumbuka, lakini katika kahawa hii hakuna moto tena baada ya kuloweka. Chombo nacho kisuuzwe kwa maji yaliyochemka, na kitambaa cha kuchujia vivyo hivyo. Loweka baada ya chakula cha usiku, funika, na uchuje asubuhi baada ya saa kumi na mbili hivi. Usikikamue kitambaa kwa nguvu. Utapata kama lita moja na nusu ya kahawa nzito, ambayo huzimuliwa kwa maji au maziwa ya kiasi kile kile.

Sasa povu. Naitrojeni ni kama asilimia 78 ya hewa tuivutayo. Haipendi kuyeyuka katika maji, na ndiyo maana ikisukumwa humo kwa nguvu hutoka kwa viputo vidogo mno, vinavyoupa ulimi hisia ya malai. Gesi ya soda ni kinyume chake: huyeyuka upesi na kuleta ukali. Wapo wanaonunua chupa maalumu ya chuma ya kupulizia malai pamoja na vibweta vyake vya gesi, nayo hufanya kazi vizuri. Lakini asitokee fundi wa kuunganisha mtungi wa gesi wa karakana na chupa ya kioo au ya soda. Shinikizo la mtungi huo laweza kuipasua chupa mikononi mwa mtu. Tena naitrojeni haina harufu, na ikivuja katika chumba kilichofungwa huifukuza hewa safi pasipo mtu kujua.

Mwenye hekima atumie mikono. Tia kahawa baridi na sukari kidogo katika chupa yenye kifuniko, usiijaze zaidi ya nusu, utikise kwa dakika nzima, kisha umimine kutoka juu kama wamwagavyo chai wauzaji wa stendi. Povu lake halidumu kama lile la mtambo, hilo nakiri, lakini likinywewa mara moja hakuna atakayelalamika.

Mwenye jokofu aweza kuiweka kwa siku chache. Asiye nalo aipoze katika mtungi wa udongo, atengeneze ya siku moja tu, na itakayobaki jioni aimwage. Isifungwe kwa siku nyingi katika chombo kisichoingia hewa bila ubaridi wa jokofu, kwani kahawa haina uchachu wa kutosha kuzuia vijidudu vya sumu vipendavyo mahali pasipo na hewa.

Wajawazito hushauriwa wasizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, na kikombe kimoja cha kahawa hii kisichozimuliwa chaweza kupita kiasi hicho. Watoto wapewe maziwa. Machicha yaliyobaki kitambaani yapelekwe shinani mwa migomba.