Kioo Mbinga, Kazi Dar es Salaam

Tuseme mtu yuko Mbinga, naye ana kompyuta ndogo, kuukuu. Ataka kuchora ramani ya ufuko wa Ziwa Nyasa, tangu Lituhi hata Mbamba Bay, lakini programu ya ramani ni nzito, mashine yake haiiwezi. Ndugu yake aliyeko Dar es Salaam anayo kompyuta yenye nguvu. Je, afunge safari? Hapana haja. Programu itafanya kazi kule kule, na picha itaonekana katika kioo cha Mbinga.

Mwaka 1984, katika chuo cha MIT, Marekani, mafundi walianza kutengeneza mpango ulioitwa X. Katika mpango huo programu haichori kioo yenyewe, bali hutuma maagizo. Mtu wa Mbinga akibonyeza kipanya, habari huenda Dar es Salaam. Programu hujibu, “Piga mstari toka hapa hata pale, utie rangi ya buluu.” Mashine ya Mbinga hutii, ikachora. Kwa sababu hiyo ile ndogo ndiyo iitwayo seva, maana ndiyo itumikayo, na programu iliyo katika ile kubwa huitwa mteja! Wengi hudhani majina yamegeuzwa.

Sasa fanyeni hesabu. Nuru ndani ya mkongo huenda kama km 200,000 kwa sekunde. Njia ikiwa km 1,000, kwenda na kurudi ni sehemu moja ya mia ya sekunde. Ni upesi sana. Lakini X huuliza maswali mengi: yakiwa 100, na kila moja lingoje jibu la lililotangulia, sekunde nzima imepita, na mtu angali akitazama kioo kitupu.

Tena habari hizo zilisafiri wazi, mwizi aweza kuzisoma njiani. Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Ufini alitengeneza SSH, ambayo huzifunga kwa siri. Hata X hupitishwa humo.

Ikabaki hatari moja. Mawasiliano yakikatika, programu ya X kwa kawaida hufa, na ramani isiyohifadhiwa hupotea. Mwaka 1998 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, walitoa VNC. Hapo kioo kizima hutunzwa katika kompyuta ya mbali, na huku huja picha yake tu. Mvua ikikata mawasiliano Mbinga, kazi yaendelea Dar es Salaam. Yakirudi, mchoraji aukuta mstari wake palepale alipouacha, karibu na Liuli.